Visa vya Bwawa la Kambini

Mara nyingi ukurasa huu huwaletea habari za mishahara, za nyumba za kambi na za kesi zilizoko mezani. Safari hii tunaleta habari za samaki, na msidhani tumekosa la kusema. Bwawa lenyewe lina upana wa mita 20 na urefu wa mita 30 tu. Liko bondeni chini ya kambi yetu, katika shamba moja la miwa huku Busoga, nchini Uganda. Lakini kwa muda wa mwaka mmoja limetuchekesha na kututia hofu kuliko jambo lolote lililotokea hapa tangu siku ile shafti ya mtambo wa kusagia miwa ilipokatika.

Mgeni atauliza: watu wa Busoga, wanaokaa jirani na Ziwa Viktoria, wanataka bwawa la nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko sokoni. Sangara alitiwa katika ziwa hilo miaka ya 1950, akazaana akawa tele, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 viwanda vya kukata minofu vimejengwa pande zote za ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania. Mnofu husafiri kwenda Ulaya na kwingineko. Mkata miwa huachiwa kichwa na mifupa, kile ambacho wenzetu wa Kenya hukiita mgongo wazi. Na ngege mzima, yule ambaye wengine humwita sato au perege, ambaye wazee wetu walimla siku yoyote ya juma, leo amekuwa kitoweo cha sikukuu na cha kupokelea wakwe.

Basi kamati ya kambi iliomba ofisini ipewe lile bonde la mafunjo ambalo miwa haikubali. Ofisi ikakubali, ila kwa sharti moja. Tulipewa mwaka. Mwaka ukiisha na bwawa halijatoa samaki wa kuonekana kwa macho, bonde litafukiwa na pampu ya maji itawekwa hapo. Sharti hilo ndilo lililofanya mambo yote tunayoyasimulia yasiwe mchezo, hata pale tulipocheka mpaka mbavu zikauma.

Tulichimba Jumapili nne, kwa majembe na makarai, bila malipo. Bwana samaki wa wilaya alikuja kutazama tuta akalipiga teke mara mbili, akasema litasimama. Kisha akatukalisha chini akatueleza habari ambayo wengi hawakuijua, kwamba mabwawa si jambo jipya katika nchi hizi. Kituo cha Kajjansi, barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe, kilikuwa kikifanya majaribio ya samaki katika miaka ya 1950, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na mabwawa zaidi ya elfu kumi. Huko Kongo, kabla ya uhuru wa 1960, yalipita laki moja. Mengi katika hayo yalirudi kuwa vichaka na makazi ya vyura. Kwa nini? Kwa sababu ya uzazi wa ngege. Jike hutaga mayai kisha huyabeba kinywani, na vifaranga vikianguliwa huendelea kuvihifadhi humo humo, huku mwenyewe hali chakula. Katika bwawa dogo huweza kuanza uzazi akiwa na miezi mitatu tu, hajazidi urefu wa kidole. Mwenye bwawa akirudi baada ya nusu mwaka hukuta maelfu ya samaki, na hakuna hata mmoja wa kujaza kiganja. Watu walikata tamaa wakarudia mihogo yao.

"Kwa hiyo," alisema bwana samaki, "adui wenu wa kwanza si mwizi. Ni unyumba."

Mama mmoja wa kantini akajibu kwamba hata kambini ni hivyo hivyo.

Kisa cha kwanza kilitokea kabla hata ya samaki kuingia. Kamati iliwatuma vijana wawili kununua vifaranga. Njiani walikutana na mtu mwenye baiskeli na jerikeni tatu, akawauzia kwa nusu ya bei. Vikamiminwa bwawani kwa shangwe, vyeusi, vyenye vichwa vikubwa na mkia mwembamba, vinacheza kweli kweli. Mzee mmoja, mstaafu wa karakana, aliinama akavitazama, hakusema neno, akaenda zake. Baada ya majuma mawili vikaota miguu ya nyuma. Baada ya majuma machache tena usiku wa kambi ulijaa kelele hata watu wa zamu ya usiku wakasema afadhali kulala kiwandani. Tulimwuliza mzee kwa nini hakusema siku ile kwamba ni viluwiluwi. Akasema hakuulizwa, na tena, katika miaka yake yote ya kazi, hajapata kuona kamati iliyokwisha kulipa pesa ikasikiliza.

Safari ya pili vifaranga vilinunuliwa kwa mfugaji anayejulikana na bwana samaki, na vilikuwa samaki. Vilipofika uzito wa kutosha kushikwa mkononi, ikaja kazi ya kutenga madume na majike ili majike yaondolewe. Kazi hiyo hufanywa kwa kumgeuza samaki chali na kumtazama nyuma ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu, na yote ni madogo kama ncha ya sindano. Bwana samaki alisema tone la wino husaidia kuyaona. Wino ukatafutwa kambi nzima, na uliopatikana ni ule ule wa karani, ambao baadhi yetu huupigia dole gumba siku ya mshahara. Basi mtu angepita bondeni siku ile angewaona wanaume ishirini wazima, wamekaa kwenye mstari, kila mmoja amempindua samaki, anampaka wino na kumkazia macho. Akina mama walikuja kuchota maji wakasahau ndoo. Mmoja aliuliza kama mwenye matundu mawili atalipwa zaidi ya mwenye matatu, maana mashambani ndivyo ilivyo desturi. Hapakuwa na mwanamume aliyekuwa na jibu la kumpa.

Madume elfu moja yakarudi majini. Hata mkono uliozoea hukosea, kwa hiyo bwana samaki alishauri tuongeze kambare wachache, wawe wanakula vifaranga vya majike yaliyoponyoka. Kambare ni askari mzuri, lakini ana tabia yake. Juu ya matamvua anacho kiungo cha kuvutia hewa, na mvua kubwa ikinyesha usiku huweza kutoka majini akajikokota kwenye majani kwa mapezi na tumbo akitafuta maji mengine. Hilo halikufika masikioni mwa mlinzi wa lango la chini. Usiku mmoja wa mvua alisikia kitu kinaburuzika, akawasha tochi, akaona wawili weusi wenye masharubu wanavuka njia kuelekea mfereji wa kiwanda. Mlinzi huyu ni mtu wa utaratibu. Hakupiga filimbi wala hakukimbia. Alifungua kitabu cha lango, na wengi tumekisoma kwa macho yetu: "Saa nane na robo usiku. Samaki wawili wametoka nje bila kibali. Wameamriwa kusimama, hawakusimama."

Chakula cha samaki kilikuwa pumba za mahindi, mchwa, na majani ya mihogo. Kililetwa kila siku saa nane mchana, king'ora cha kubadili zamu kilipolia. Haikupita miezi miwili samaki wakakijua king'ora. Kikilia tu, kona ya kulishia inachemka kama sufuria. Wageni waliletwa kutazama. Kisha ikaja siku mafundi walikuwa wakitengeneza king'ora chenyewe, wakakijaribu asubuhi nzima. Kila kilipolia samaki walikusanyika, wakakuta patupu, wakarudi. Siku ile saa nane ilipofika kwa kweli na pumba zikamwagwa, uso wa maji haukutikisika. Walikuja mmoja mmoja, jioni, kwa wakati wao. Tuliona tofauti yetu na samaki: sisi tungeandika barua kwanza.

Sasa tufike kwenye kisa kinachosimuliwa hata kambi za mbali, na ambacho huko kimeongezwa chumvi. Sisi tulikuwapo, na tutakieleza kama kilivyokuwa.

Kambi yetu ina watu wa makabila mengi: Basoga wenyeji, Baganda, Waaluri, Walugbara, Bakiga, Wanyarwanda, na Waluhya na Wajaluo waliovuka mpaka kutoka Kenya. Lugha ya kuelewana ni Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Jumapili moja, bwawa likiwa na miezi sita, kamati iliruhusu watu wachache kuvua kwa ndoana ili tuone samaki wamefikia wapi. Palikuwa na watu kama sitini kwenye tuta, na mama wa kantini alikuwa amepika posho hapo hapo kando. Mdiria alikuwa ametua juu ya fimbo ya mvuvi mmoja, anangojea pamoja naye. Ghafula fundi wa umeme, ambaye ni Muganda, akaona kichwa kipana kinajitokeza katikati ya bwawa, kinavuta hewa, kinazama. Akapiga ukelele: "Mmamba! Mmamba!"

Ndugu msomaji, wewe unayesoma Kiswahili unajua ulichokisikia. Nasi tulikisikia hivyo hivyo. Mto Nile hauko mbali, na habari za watu waliochukuliwa na mamba si hadithi za watoto huku. Watu sitini waligeuka kwa mpigo mmoja. Karani wa mizani aliacha viatu na kitabu. Mzee wa karakana, ambaye huomba msaada kupanda ngazi ya zahanati, alionekana juu ya mfenesi, na mpaka leo hakumbuki alivyofika. Mama wa kantini aliinua sufuria ya posho na kukimbia nayo kilima kizima bila kumwaga hata punje. Watoto walinyakuliwa na mtu yeyote, na baadaye ilibidi wagawanywe upya. Fundi wa umeme naye, alipoona umati wote unakimbia, alidhani wameona kitu ambacho yeye hakukiona, akakimbia kuliko wote.

Ni Mjaluo mmoja wa idara ya usafiri aliyebaki, kwa kuwa mguu wake ulikuwa na bandeji. Alikaa akatazama maji kwa muda. Kichwa kikatokea tena. Akatuita kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Rudini. Ni kamongo."

Kwa lugha ya Baganda, mmamba ni kamongo, yule samaki mrefu mwenye mapafu, anayelazimika kuja juu kuvuta hewa, na ambaye maji yakikauka hujichimbia topeni akalala miezi mpaka mvua irudi. Huyu wetu bila shaka alikuwa amelala katika tope la bonde tangu kabla ya majembe yetu, tukamwamsha kwa kumletea maji. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja. Ndoana mbili zilizotupwa kumnasa alizikata pamoja na uzi, maana meno yake si ya mzaha.

Hapo mkutano ukaanza pale pale kwenye tuta. Wengi walitaka auawe: anakula ngege wetu, na tarehe ya ofisi inakaribia. Fundi wa umeme akasimama akasema yeye ni wa ukoo wa Mmamba, ambao ni ukoo mkubwa katika Buganda, na samaki huyo ni mwiko wao. Hatamla, hatamshika, wala hatasaidia kumwua. Bibi mmoja akaongeza kwamba zamani wanawake wa Buganda hawakumla kabisa, na yeye hataanza leo. Mluhya mmoja akasema basi kama hao wote hawamli, fungu lake litakuwa kubwa, na yuko tayari kungoja. Bwana samaki, alipoulizwa, alizidi kutuchanganya. Alisema ni kweli kamongo hula samaki, lakini hula konokono pia, na konokono wa majini ndio wanaobeba kichocho. Sisi tunaoishi karibu na ziwa hili tunaijua kichocho kwa majina ya watoto wetu. Tulikuwa tukifyeka majani ya kingo kila juma kwa ajili ya konokono hao hao.

Kura zikapigwa kwa mikono. Kamongo alipona kwa kura tatu. Aliruhusiwa kukaa mpaka siku ya mavuno, kwa sharti asionekane akila ngege hadharani. Mzee wa karakana, akiwa bado juu ya mfenesi, aliuliza ni nani atakayekuwa shahidi.

Mwezi wa kumi hakuna aliyecheka. Mzee wa boila, ambaye alilipenda bwawa kuliko nyumba yake, aliona siku zinakwisha na samaki wangali wembamba. Alisikia kwamba samadi hufanya maji kuwa ya kijani na kwamba maji ya kijani ni chakula. Ni kweli, kwa kiasi. Yeye alimwaga gunia zima la samadi ya kuku jioni moja yenye mawingu. Alfajiri, watu wa zamu ya usiku walipokuwa wakishuka, waliona bwawa zima limejaa vinywa. Samaki wote walikuwa juu, wanahema. Mmoja wetu alidhani wanaomba chakula. Hawakuomba chakula. Ule ukijani wa majini hutoa hewa mchana penye jua, lakini usiku nao huivuta, na samadi inayooza huivuta zaidi. Kufikia alfajiri hewa ilikuwa imekwisha majini. Kambare peke yao walikuwa wanatembea kwa raha, maana wao huvuta hewa ya juu, na kamongo vile vile.

Watu wale walikuwa wametoka kusimama saa nane mbele ya mitambo. Hakuna aliyekwenda kulala. Mfereji wa chemchemi ulifunguliwa wote, ukapangwa mstari wa ndoo kutoka kijitoni, na maji yakamiminwa toka juu ya tuta, kwa kuwa bwana samaki alikuwa ametufundisha kwamba maji yakianguka hubeba hewa. Wengine waliingia wakayapiga maji kwa matawi. Wa kwanza kuingia, na suruali yake ya kazi, alikuwa mzee wa boila mwenyewe. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyemsema. Jua lilipopanda, vinywa vilianza kuzama. Tuliokota zaidi ya samaki sitini waliokufa. Waliobaki walinyimwa chakula siku kadhaa, na samadi iliyobaki ikapelekwa kwenye bustani za kabichi.

Siku ya mavuno maji yalifunguliwa kabla ya mapambazuko. Msaidizi wa ofisi alikuja kushuhudia. Ikatokea shida ya mizani. Wakata miwa, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hawakutaka kusikia habari ya mizani yoyote ya shamba. Tena karani alipotaka kutumia ile ya miwa, ilionyesha sufuri, kwa kuwa yenyewe hujua tani tu. Mwuguzi akaleta mizani ya zahanati, ile ya kupimia watoto. Basi ngege wa kambi yetu walipimwa wakiwa wamelazwa ndani ya mfuko wa watoto wachanga, kilo baada ya kilo, huku akina mama wakisoma namba kwa sauti na kuuliza kama wamechanjwa. Ngege walifika kilo 140. Kambare walikuwa kilo 38, wanene kama mikono ya mabondia. Vidagaa vya majike yaliyoponyoka vilijaza ndoo mbili, navyo vilikaangwa siku ile ile kwa ajili ya watoto wote wa kambi.

Wajane na wagonjwa walipewa bure. Waliobaki walinunua kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, na fedha zimewekwa kwa vifaranga vijavyo. Msaidizi wa ofisi naye alitaka samaki wawili. Alionyeshwa mwisho wa foleni ulipo, akaenda, akasimama. Barua ilifika siku ya tisa: pampu itawekwa ng'ambo ya mto, na bonde litabaki kwa kambi.

Kamongo hakuonekana. Walimtafuta kwa mikono na kwa vikapu, yule Mluhya aliyengojea fungu lake akiwa mbele, wakakosa. Tope lilipoanza kukauka pakaonekana tundu moja, upana wa kikombe cha chai, karibu na mahali pa kina. Fundi wa umeme alisimama kando yake kwa muda, kisha akaja kuuliza kamati kama maji hayawezi kufunguliwa kabla ya Jumamosi.